Ndege wa uani (Dar es Salaam)

Ndege wa uani ni jina la jumla la ndege waonekanao kwenye viwanja vya nyumba: juu ya miti ya matunda, kwenye nyaya za umeme na mahali panapooshewa vyombo. Katika viunga vya Dar es Salaam, kutoka Bunju, Tegeta na Goba hadi Mbagala, Chamazi na Kigamboni, kundi hili linachanganya wenyeji wa mwambao, wageni wanaokimbia baridi ya mbali na kunguru wa India aliyeletwa na binadamu. Tanzania ina zaidi ya aina 1,100 za ndege, na sehemu yake nzuri huweza kuonekana bila kutoka nje ya geti.

Wenyeji

Shomoro, tetere na tongosimba hula nafaka chini. Tongosimba ni mdogo, mwenye kichwa cheusi na tumbo jeupe, na huja kwa makundi. Shore ana kishungi kifupi na manjano chini ya mkia. Papai lililoiva mtini hulitoboa kabla mwenye mti hajaliona. Chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, hufyonza maua ya mgomba. Dudumizi husikika zaidi kuliko anavyoonekana: sauti yake ni kama maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa, na wengi huichukua kuwa dalili ya mvua.

Anayestahili kutazamwa kwa muda mrefu ni mnana. Dume, wa rangi ya manjano, huuma ukingo wa jani la mnazi, kisha huruka akiwa ameushika, na utepe hujichana wenyewe kwa urefu. Huo ndio uzi wake. Kwanza hufuma pete ya kusimama ndani yake, halafu chumba. Jike huja kukagua. Akikataa, dume hulifumua tundu akaanza upya.

Wageni wa majira

Baridi ya Ulaya na Asia huangukia wakati wa kaskazi na joto la Dar es Salaam. Kuanzia Oktoba, mbayuwayu wa Ulaya hujipanga kwenye nyaya: mgongo wa buluu iliyokolea, koo jekundu na mkanda mweusi kifuani. Mbayuwayu mwenyeji mwenye kifua cha mistari hutofautishwa kwa kichwa chake cha rangi ya kutu. Katika vilele vya mikwaju na miarobaini hupita ndege mdogo wa kijani hafifu, mwenye mstari mweupe juu ya jicho, asiyetulia hata kidogo. Uzito wake ni kama gramu 10 tu, naye ametoka Ulaya au Siberia.

Keremkerem hupokezana waya uleule. Wa kaskazi, kutoka Asia, ana utosi wa kijani na mashavu ya buluu. Wakati wa kipupwe, kati ya Mei na Septemba, huja wa Madagaska, mwenye utosi wa kahawia na mistari myeupe usoni. Mwingereza Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani, Tanga, aliandika kitabu kikubwa juu ya safari za ndege kati ya Ulaya, Asia na Afrika. Kilitoka mwaka 1972, baada ya kifo chake.

Kunguru wa India

Huyu ndiye anayeamua nani mwingine aonekane uani. Ana shingo na kifua cha kijivu. Kunguru mwenyeji ni mkubwa kuliko yeye na ana kifua cheupe safi. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale taka za mji. Taka alikula, lakini hakuishia hapo: alikula mayai na makinda ya ndege wengine, vifaranga vya kuku, matunda na samaki waliotandazwa juani. Mwaka 1947 alikuwa amefika Mombasa, na baadaye akaenea karibu mwambao wote.

Ukali wake uko kwenye akili. Hutambua mtego, hukumbuka mtu aliyemtupia jiwe, na mwenzake akifa hukusanya kundi zima kupiga kelele. Hujenga tundu kwa vijiti pamoja na vipande vya waya. Msemo wa kwamba kunguru hafugiki unamfaa, ingawa yeye mwenyewe hawezi kuishi mbali na jalala la binadamu.

Zanzibar ilipambana naye miaka ya 1990. Fedha zilipokwisha, idadi yake ilipanda tena. Dar es Salaam ilifanya kampeni kubwa kati ya 2010 na 2013 kupitia Shirika la Kuhifadhi Wanyamapori Tanzania (WCST), kwa mitego ya vizimba yenye kunguru hai ndani na kwa sumu iliyotegwa kwenye nyama. Waliuawa zaidi ya milioni moja. Ilikuwa kazi ya kupongezwa, na ilistahili kuendelea.

Kulisha na kutazama

Watu wengi wa mwambao walianza kuwajua ndege kwa manati na ulimbo wa fenesi. Desturi ya kuwawekea chakula ni ngeni. Ulaya na Amerika ya Kaskazini, theluji hufunika chakula, kwa hiyo punje humwokoa ndege. Dar es Salaam chakula hakipotei hivyo. Kinachoadimika ni maji, hasa Januari na Februari kabla ya masika. Beseni la kina kifupi, lenye jiwe la kutulia katikati na kubadilishwa maji kila siku, huvuta aina nyingi kuliko sahani ya mtama. Ukoko wa wali, ugali na vichwa vya dagaa humwita kunguru peke yake, na akishazoea, shore na chozi huhama.

Saa 12 na nusu hadi saa 3 asubuhi ndio wakati bora.

Hali ya sasa

Kunguru wa India bado ni wengi jijini. Mwaka 2024 Kenya ilitangaza nia ya kuwapunguza kwa milioni moja kwenye pwani yake. Viungani miembe na minazi inakatwa kupisha nyumba na sakafu za saruji. Mwenye ua aubakize walau mti mmoja, na pipa la taka alifunike.