Mchezo Uliojulikana na Wote

Watawala wa kale wa Wales walikuwa na mchezo wa ubao ulioitwa tawlbwrdd. Sheria zinazohusishwa na Mfalme Hywel Dda, aliyefariki yapata mwaka 950, zinautaja. Hakimu wa baraza alipoanza kazi alipewa ubao huo na mfalme, na pete ya dhahabu na malkia, wala hakuruhusiwa kuviuza au kuvigawa maisha yake yote. Hata thamani ya ubao iliandikwa. Namna ya kucheza haikuandikwa. Ya nini kuandika jambo ambalo kila mtu barazani alilijua?

Hapo ndipo ilipokuwa hatari. Mwaka 1282 Mwanamfalme Llywelyn ap Gruffudd aliuawa, na mabaraza ya aina hiyo yakatoweka. Mwaka 1536 sheria ya Henry wa Nane ikakifanya Kiingereza kuwa lugha ya mahakama za Wales. Hakimu mwenye ubao wake akawa hadithi tu. Ndipo mwaka 1587 mtu mmoja, Robert ap Ifan, alipochukua kalamu, akauchora ubao na kueleza mchezo kwa lugha ya kwao.

Kwa maelezo yake, na kwa kipande cha kadibodi na vifuniko vya soda, mimi na mjukuu wangu tulijifunza kuucheza. Ubao una vyumba 11 kwa 11. Mfalme hukaa katikati na watu 12. Maadui 24 hujipanga sita sita kila upande. Kete ikibanwa kati ya maadui wawili imekufa. Mfalme akipata njia ya kutokea ukingoni, ameshinda. Anayetaka kumnasa lazima kwanza amwonye mwenzake amtazame mfalme wake. Kuhusu mwendo wa kete tulimfuata Carl Linnaeus, ambaye mwaka 1732 aliwakuta Wasami wakicheza tablut, ndugu wa mchezo huu: kete huenda moja kwa moja kama ngome ya sataranji.

Sisi tuliozoea drafti hukimbilia kula. Katika mchezo huu mwenye watu 24 akifanya hivyo hufungua njia kwa mkono wake. Yampasa kwanza azibe pembe, kisha abane polepole. Mwenye watu wachache naye hahitaji kuwamaliza adui, ila kutoka tu. Kila mchezo ukiisha tulibadilishana pande, na kila mmoja akaonja uchache na wingi.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria zilitunza thamani ya ubao, lakini aliyeuokoa mchezo ni yule aliyeandika lililoonekana halihitaji kuandikwa. Msomaji, kama unayo michezo, nyimbo au dawa ambazo kijijini kwenu kila mtu anazijua, anza na hizo.