Kura au kula? Matamshi ya Kiswahili mpakani Rusizi

Mto unaotoka Ziwa Kivu kwenda Ziwa Tanganyika huandikwa Rusizi upande wa Rwanda na Ruzizi upande wa Kongo. Ni tofauti ya herufi moja tu, lakini katika wilaya hiyo, ambayo wengi bado huiita Cyangugu, sauti moja huweza kugeuza habari nzima.

Kinyarwanda hakitenganishi maana za maneno kwa sauti L na R, ilhali Kiswahili hufanya hivyo. Msemaji aliyekulia Kamembe huweza kutamka "mahari" akikusudia mahali, naye anayejitahidi mno kujisahihisha huishia kusema "habali". Kwa mfasiri wa habari, jambo hili huacha kuchekesha wakati wa uchaguzi. Niliwahi kusikia taarifa niliyoitafsiri ikisomwa hewani kwamba wananchi wamejitokeza "kupiga kula". Nililalamika. Baadaye nilisikiliza sauti yangu mwenyewe katika taarifa ya biashara: nilikuwa nimesema "samani ya bidhaa".

Kinyarwanda hakina TH wala DH za Kiswahili, hivyo fedha huwa "feza" na dhiki huwa "ziki". Hapo maana haipotei. Lakini mfanyabiashara akitaja "samani ya mzigo" badala ya thamani yake, afisa wa forodha aliyezoea Kiswahili cha Tanzania atatafuta viti na makabati.

Hata hivyo, si kila tofauti ni kosa. Ng'ambo ya mto, mjini Bukavu, watoto ni "batoto" na asante ni "aksanti". Mombasa nako, wasemaji wa Kimvita huita macho "mato", na wakikuambia "ndoo" wanakuita, hawaombi chombo cha maji. Kiunguja kilipochaguliwa mwaka 1928 kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, katika mkutano uliofanyika Mombasa hiyo hiyo, lahaja nyingine hazikuachwa kwa sababu ya ubovu.

Mwaka 2017 Rwanda ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya nne, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Mwanafunzi wa Bugarama, karibu na mipaka ya Burundi na Kongo, husikia Kiswahili kimoja sokoni na kingine darasani. Akikaripiwa kila asemapo "batoto", atanyamaza. Heri mwalimu amsomeshe kwa sauti jozi chache kila siku: kula na kura, mahali na mahari, thamani na samani.