Kafungwa kwa utapeli, katoka kwa hati mbovu

Jamani, hili suala huwa linawachefua watu. Mtu kala hela za wenzake, kijiji kizima kinajua, kafungwa. Baada ya mwaka unasikia kashinda rufaa kwa sababu "hati ya mashtaka ilikuwa na kasoro". Wengi humaliza kwa neno moja tu: rushwa. Mimi naona tungerudi nyuma kidogo.

Chukulia mtu wa Mbuchi, kule delta ya Rufiji (nimemtunga, msimtafute). Anachangisha wavuvi akisema ana injini ya boti bandarini Dar, imebaki kugombolewa tu. Injini hakuna. Enzi hizo, kabla Kibiti haijamegwa kuwa wilaya, makao makuu ya wilaya yalikuwa Utete. Mwendesha mashtaka ni askari polisi. Anaandika kwamba mshtakiwa, kwa nia ya kulaghai, alijipatia fedha. Basi, kaishia hapo. Kadanganya nini? Hati iko kimya.

Sasa kwenye kosa hili uongo ndio kosa lenyewe. Tafsiri tuliyoachiwa na Waingereza ilitaka uongo kuhusu jambo lililopo au lililokwisha kupita. "Nina injini bandarini" ni uongo wa jinai. "Nitawanunulieni injini" ni ahadi, na ahadi isiyotimizwa ilihesabiwa kuwa deni, kesi ya madai. Kati ya "nina" na "nita" kulikuwa na jela. Hati isiposema ni lipi, mshtakiwa atajitetea dhidi ya nini? Tena hati zenyewe ziliandikwa Kiingereza, mtu anasomewa kwa Kiswahili kizimbani. Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria mwaka 2021 tu.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya 1985, katika kifungu chake cha 132, ilidai vitu viwili: kosa litajwe, na maelezo yatoshe mtu kuelewa anatuhumiwa nini. Asiyeridhika alipewa siku 10 kutoa notisi ya rufaa na siku 45 kuwasilisha sababu. Aliye gerezani hupitishia karatasi zake kwa mkuu wa gereza, na wengi wao hawana wakili.

Akifika Mahakama Kuu, swali kubwa huwa: aachiwe, au kesi ianze upya? Hapo linaibuka jina la Fatehali Manji. Mwaka 1966, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema katika kesi yake kwamba kesi husikilizwa upya pale tu usikilizaji wa kwanza ulipokuwa haramu au wenye kasoro. Hairudishwi ili upande wa mashtaka uzibe mapengo ya ushahidi wake, na hata kasoro ikiwepo, haki lazima iwe inadai hivyo. Mahakama ile ilikufa pamoja na Jumuiya mwaka 1977. Ya kwetu ikaanzishwa 1979, na kauli ya Manji bado inanukuliwa. Majaji wetu wakaongeza hoja nyepesi lakini kali: kama hati yenyewe ni batili, utarudia kesi juu ya nini?

Lakini mlango haukubaki wazi hivyo. Kifungu cha 388 kiliruhusu kasoro zisizoleta dhuluma zipuuzwe. Mwaka 2006 Mahakama ya Rufani ilimwachia mtu, kosa jingine kabisa la jinai, kwa sababu hati haikutaja kiini cha kosa. Mwaka 2019, ikiketi Mtwara, ikasema kifungu kilichokosewa si mwisho wa dunia ikiwa maelezo na ushahidi vilimfahamisha mshtakiwa vya kutosha. Binafsi naona hapo imepatia. Namba iliyokosewa haimzuii mtu kujitetea, ila uongo usiotajwa unamzuia.

Na wavuvi wetu? Mtuhumiwa akiachiwa kwa hati mbovu, deni halijafutwa. Wanaweza kumfungulia kesi ya madai, ambako kipimo cha ushahidi ni chepesi kuliko cha jinai. Tatizo ni nauli ya kutoka Mbuchi, mtumbwi kisha gari, kila kesi inapoahirishwa, na hela ya nauli ndiyo ile iliyoliwa.