Babu Yangu na Beti Zisizoingia Kwenye Santuri

Historia ya taarab ya Unguja imezoea kutaja watu wa aina tatu: watawala walioileta, waimbaji walioipa sauti, na mafundi wa ala. Husimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim nchini Misri kujifunza kupiga kanuni. Hutajwa Ikhwani Safaa, klabu iliyoasisiwa mwaka 1905. Kisha hutajwa Siti binti Saad. Wasio na nafasi katika masimulizi hayo ni wasikilizaji. Nami leo namwandika msikilizaji mmoja: babu yangu mzaa mama, fundi cherehani wa Ng'ambo, ambaye hakuimba mbele ya watu wala hakupiga ala yoyote, lakini alihifadhi mashairi ambayo santuri haikuyahifadhi.

Babu hakuwa na cheti cha kuzaliwa. Akiulizwa umri wake, alijibu kwamba yeye na Ikhwani Safaa ni pacha. Alishona kanzu barazani kwake kwa zaidi ya miaka arubaini, na majirani walijua kama kazi yake ni nyepesi au nzito kwa kusikiliza anavyoimba huku akikanyaga cherehani. Kazi nyepesi ilikuwa na wimbo mzima. Kazi ya kola ilikuwa na kiitikio tu, tena kwa kunong'ona. Bibi alizoea kusema kwamba ameolewa uke wenza na kinanda cha santuri.

Ili msomaji aelewe mapenzi hayo, lazima akumbuke Ng'ambo ilikuwa nini. Jina lenyewe linaeleza: ni upande wa pili wa hori lililoutenga mji wa mawe na makazi ya wanyonge, wengi wao wakiwa watu waliotoka utumwani na watoto wao. Taarab ya kasri na ya klabu za mwanzo iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad, aliyezaliwa kijijini Fumba na kufika mjini akiuza vyungu, aliimba kwa Kiswahili. Aliimba mapenzi, lakini pia aliimba hukumu za mahakama, dhuluma za wenye nguvu na masaibu ya wanawake. Mwaka 1928 yeye na wenzake walisafiri hadi Bombay, wakarekodi santuri zilizosikika pwani nzima na bara. Babu alikuwa kijana wakati huo. "Tulikuwa tukisikia habari za wengine," aliniambia, "siku ile tukasikia habari zetu."

Hata hivyo, babu hakuziamini santuri moja kwa moja. Upande mmoja wa santuri za zama hizo ulichukua kama dakika tatu tu. Wimbo ulioimbwa nyumbani au harusini, ukirudiwa na kunogeshwa hadi usiku mkubwa, ulipofika mbele ya mashine ulilazimika kukatwa. Beti chache zilipita, nyingine zikabaki nje. Alkhamisi ya kwanza ya mwezi, redio ya Cairo iliporusha tamasha la Umm Kulthum na wimbo mmoja ukaendelea kwa saa nzima, babu alitikisa kichwa na kusema: "Huyu amepewa usiku mzima. Siti alipewa dakika tatu."

Kwa hiyo alifanya alichoweza. Beti alizozisikia zikiimbwa, ambazo hazimo katika santuri, alizishika kichwani na kuziimba kila mara ili zisimponyoke. Santuri ilipofika mwisho na sindano ikaanza kukwaruza, yeye aliendelea peke yake pale ilipoachia. Sisi watoto tulidhani nyimbo zote ndivyo zilivyo: nusu huimbwa na kinanda, nusu na babu.

Mwaka 1978, nikiwa chuo cha ualimu, nilirudi likizo na daftari la kurasa themanini. Wiki tatu nilikaa naye barazani nikiandika. Hapo ndipo nilipojua kwamba fundi huyu, aliyesoma chuoni kwa mwalimu wa Kurani tu, alikuwa mwanahistoria. Alinitaka nigawe daftari mafungu mawili. Fungu la kwanza aliliita "niliyoyasikia," yaani beti alizozisikia kwa masikio yake kutoka kwa waimbaji. La pili aliliita "yaliyotiwa," yaani beti ambazo watu wa mtaani walizitunga baadaye na kuzipachika. Nilipomwambia kwamba ubeti mmoja wa fungu la pili ni mzuri kuliko yote, alinijibu: "Uzuri si ushahidi, mjukuu wangu. Uache hukohuko." Tulipata beti arubaini na moja za fungu la kwanza na kumi na tisa za fungu la pili.

Alinifundisha pia mizani kabla sijafika kwenye vitabu. Alihesabu kwa vidole vinne vya mkono wa kulia, akivipitia mara mbili kwa kila kipande, vipande viwili kwa mshororo: nane na nane. Aliniambia kwamba "m" ya mtoto husimama peke yake na hupewa pigo lake, ila "m" ya mbuzi imeshikana na jirani yake. Kama nina shaka, niuimbe. Sauti itakataa pale hesabu ilipokosewa. Kwa miaka thelathini na mitatu ya kufundisha sekondari sikupata kanuni iliyo wazi kuliko hiyo. Wanafunzi walioshindwa kuhesabu mizani ubaoni waliziona mara tu walipoimba.

Babu alifariki mwaka 1980. Tungekuwa hatuna daftari, beti zile arubaini na moja zingezikwa pamoja naye, na hakuna ambaye angejua kwamba kuna kilichopotea, kwa kuwa santuri zenyewe zingali zinalia na huonekana kamili. Hilo ndilo ninalotaka wapenzi wa ushairi walitafakari. Kilichorekodiwa ni sehemu tu. Sehemu iliyobaki imo vichwani mwa wazee waliokuwa wakisikiliza: fundi, muuza kahawa, bibi aliyetunza kwa leso harusini. Waulizeni wangali hai. Waulizeni nani alitunga, nani aliimba, na ubeti upi ulikatwa. Kisha andikeni waliyoyasikia mbali na waliyoyatia.

Namkumbuka kwa ubeti huu wa wimbo, nilioupima kwa vidole vinne kama alivyonifunza:

Babu ulipima nguo, ukapima na maneno,
Ulinipa ufunguo, wa mafumbo na mfano,
Nyimbo zako ndizo chuo, hatuziachi mkono.