Hela: sarafu iliyoondoka, neno likabaki

Katika soko la Songea, muuza mahindi na mnunuzi wake wote huzungumzia hela, ingawa sarafu yenye jina hilo iliacha kutumika nchini takriban miaka 100 iliyopita.

Jina hilo lilianzia Hall, mji wa kusini mwa Ujerumani ambako katika karne ya 13 zilitengenezwa sarafu ndogo za fedha zilizoitwa Heller, yaani za Hall. Haikuwa ajabu sarafu kubeba jina la mji. Katika karne ya 16, sarafu kubwa za Joachimsthal, mji wa migodi ya fedha ulioko Ucheki leo, ziliitwa Thaler. Waholanzi wakalichukua neno hilo wakasema daalder, likafika kwa Waingereza likawa dollar, nasi tukapata dola. Dola ilizunguka kwa mataifa mengi kabla ya kutufikia. Hela ililetwa na mtawala mwenyewe.

Koloni la Wajerumani lilitumia rupia, moja ikigawanywa kwa pesa 64. Mwaka 1904 serikali iliweka mgawanyo mpya: rupia moja kwa hela 100. Wakati huo boma lilikwisha kusimama Songea tangu 1897, na kodi ya nyumba ilikuwa imeanza kudaiwa katika koloni tangu 1898. Aliyekosa fedha alitumikishwa kazi. Kodi na kazi za kulazimishwa zilikuwa miongoni mwa machungu yaliyozaa Vita vya Majimaji mwaka 1905. Wangoni waliingia vitani, na tarehe 27 Februari 1906 mashujaa wao walinyongwa hapa Songea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji unaitwa kwa jina lake, naye alinyongwa mwaka huohuo. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Mwaka 1916, Wajerumani wakiwa wamezingirwa vitani, walitengeneza hela za 5 na 20 huko Tabora. Kisha Waingereza wakatawala, na mwaka 1921 ikaanzishwa shilingi ya Afrika Mashariki yenye senti 100. Hata hivyo watu hawakuliacha neno. Lililokuwa jina la sarafu ndogo likawa jina la fedha zote, kama vile pesa ilivyokuwa kabla yake.

Walimu wa Ruvuma wanaowapeleka wanafunzi Makumbusho ya Majimaji wawasimulie pia habari za hela. Kijana anayeitumia kila siku anastahili kujua kwamba wazee wake walidaiwa hela kwa nguvu.