Shan ya Ngara: Sinema Iliyogeuka Jukwaa

Makanga wa matatu jijini Nairobi wangali wakivinadi vituo vya "Odeon" na "Globe" kila uchao, ilhali wengi wa abiria wao hawajapata kuona hata picha moja katika sinema zilizoviachia vituo hivyo majina. Na kila zinapozuka habari za jumba jingine kongwe kubomolewa au kugeuzwa duka, sisi wapenzi wa sanaa, hata tulio mbali huku Mpanda, hatuna budi kuikumbuka Shan, iliyojaaliwa riziki nyingine.

Mtaa wa Ngara, Nairobi, zama za ukoloni ulikuwa maskani ya Wahindi, na Shan ikawaonyesha picha za kwao, za namna ile iliyovuta kadamnasi Unguja, Dar es Salaam na Kampala, ambako Mother India ya mwaka 1957 iliwaliza hata wasiojua neno la Kihindi. Lakini mwaka 1967 Serikali ya Kenya ilipitisha sheria ya leseni za biashara, iliyowafungia wasio raia milango mingi ya chumo. Na Uingereza, ambayo ndiyo iliyowapa wengi wao pasipoti, ikaazimia kuwazuia wasiingie kwake. Ikawa patashika: Februari 1968 familia nzima nzima, na masanduku yao, zilifurika uwanja wa ndege wa Embakasi zikigombea nafasi za kwenda London kabla sheria ya Waingereza haijaanza kushika tarehe 1 Machi, kwani aliyechelewa alibaki na pasipoti ya dola isiyomtaka, katika nchi isiyompa leseni. Ngara ikapungukiwa na watazamaji, na kanda za video za miaka ya themanini zikamalizia.

Baadaye jumba likachukuliwa na Sarakasi Trust, taasisi iliyoasisiwa mwaka 2001, likaitwa Sarakasi Dome, ukumbi wa matamasha na mazoezi. Na dari ile ya juu, iliyojengwa kwa ajili ya pazia la picha, ndiyo khasa aitakayo kijana asimamaye juu ya mabega ya mwenziwe, naye mwenziwe kasimama juu ya mabega ya wa tatu.

Lakini sinema ya Majestic ya Unguja, iliyojengwa mwaka 1955 baada ya Royal iliyoitangulia kuteketea kwa moto, haikupata mfadhili wa namna hiyo mapema: iliachwa ikachakaa hata paa likaanguka, nayo imo ndani ya Mji Mkongwe, uliotiwa na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2000.