Kamba ndogo inayozimisha motere
Tarehe 5 Mei 2013, huko Padstow nchini Uingereza, familia ya watu 6 ilitupwa majini kutoka boti la mwendo kasi. Kamba ya kuzimisha motere haikuwa imefungwa kwa dereva. Boti likazunguka peke yake na kuwarudilia: baba na binti yake wa miaka 8 wakafariki.

Kamba hiyo hufungwa mguuni. Dereva akianguka, inachomoka na motere inazima. Tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria ya Marekani inalazimisha madereva wa boti ndogo za mwendo kasi kuitumia.

Ziwani Kivu, wahami na wasafiri wengine waulize: kamba iko wapi? Jile inasaidia kuelea, lakini haisimamishi elisi.